Mwongozo kamili wa BIM: kusanifu jengo linalojengeka na kuwalinda mafundi saiti

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo. Baada ya misiba kama hiyo mjadala huelekea kwenye vibali, zege hafifu na usimamizi, na ni haki uelekee huko. Ila kuna ajali nyingine ambazo hazifiki kwenye taarifa ya habari: saidia fundi kaanguka kwenye tundu la lifti, mchimbaji kafukiwa na udongo hadi kifuani, fundi umeme kateleza kwenye ngazi akichokonoa boriti. Ukizifuatilia ajali hizi kwa nyuma, nyingi unazikuta mezani kwa msanifu na mhandisi, miezi kadhaa kabla ya koleo la kwanza kugusa udongo.

Hapo ndipo BIM inaposaidia. BIM (kifupi cha Building Information Modelling) ni utaratibu wa kujenga jengo zima kwenye kompyuta kwa vitu vyenye taarifa zake. Nguzo ndani ya modeli ina vipimo vyake, daraja la zege, ghorofa iliyopo na siku itakayomwagwa. Ukiihamisha, ramani zote na orodha za vifaa zinabadilika pamoja nayo.

Msimamo wangu nauweka mapema, kwa sababu mwongozo wote unaufuata. Modeli inayoonyesha jengo lililokamilika tu inamsaidia mteja kuona rangi za kuta. Inayomlinda fundi ni ile inayoonyesha jengo likiwa katikati ya kujengwa, pamoja na majukwaa, mirunda, mashimo, winchi na watu wanaopita. Kama muda na bajeti yako ni finyu, punguza urembo, lakini vitu hivyo vya saiti usiviache.

Tutatembea na mfano mmoja: jengo la biashara la ghorofa sita lenye ghorofa moja chini ya ardhi, kwenye kiwanja chembamba Kariakoo, limebanwa na majirani pande mbili, na laini ya umeme inapita mbele.

Hatua ya 1: Andika maswali ambayo modeli itayajibu

Kabla ya kununua programu yoyote, kaeni chini mteja, msanifu majengo, mhandisi wa miundo, mkadiriaji majenzi na mkandarasi kama ameshapatikana. Andikeni ukurasa mmoja au miwili: modeli itajibu maswali gani, nani atachora nini, itakaguliwa lini, na nani ana mamlaka ya kukubali mabadiliko. Kwa jengo letu maswali yangekuwa haya: shimo la chini litachimbwaje bila kuhatarisha msingi wa jirani? Zege la kila slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) litashikiliwa na nini? Matundu yote sakafuni yatazibwaje kila wiki? Fundi viyoyozi atafikiaje mashine baada ya jengo kukabidhiwa?

Ukurasa huo uingie kwenye mkataba. Usipoingia, kila mtu atachora anachopenda, na mkandarasi atapokea faili asilowajibika nalo. Viwango vya kimataifa vya kupanga kazi hii vipo kwenye mfululizo wa ISO 19650, ulioanza kutoka mwaka 2018, na sehemu yake ya sita inahusu taarifa za afya na usalama. Uingereza ilianza kudai BIM kwenye miradi ya serikali kuu mwezi Aprili 2016, na kanuni zake za ujenzi za mwaka 2015 zinambebesha msanifu wajibu wa kupunguza hatari tangu kwenye mchoro. Huku kwetu kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 kwa Tanzania, na ya 2007 kwa Kenya. Usisubiri sheria ikutajie BIM kwa jina. Inakutaka uijue hatari na uizuie, na modeli ni njia nzuri ya kufanya hivyo.

Hatua ya 2: Vifaa, na nukta moja ya kuanzia

Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16 inatosha kuanzia kwa jengo la ukubwa huu, ingawa 32 hukupa raha. Revit, ArchiCAD na Tekla ni programu za kulipia zinazojulikana. Asiye na fedha ya leseni aanze na FreeCAD, au Blender ikiwa na nyongeza ya Bonsai. Zote ni za bure. Jambo la lazima ni kila mmoja aweze kutoa faili la IFC, muundo wa wazi unaosomeka katika programu tofauti.

Kisha kubalianeni nukta ya asili. Chagueni makutano ya mistari ya gridi, tuseme A na 1, yawe sifuri ya wote, na usawa wa sakafu ya chini iliyokamilika uwe 0.000. Jambo hili dogo likiachwa, modeli ya mhandisi itatua pembeni ya modeli ya msanifu na ukaguzi wote wa mbele utakuwa bure. Weka mchemraba mdogo kwenye nukta hiyo katika kila modeli. Ukiunganisha na michemraba isikae pamoja, rudisha faili kwa mwenyewe.

Hatua ya 3: Chora kilichopo kabla ya kitakachokuja

Mpima aende na chombo chake, na asiishie kwenye mipaka ya kiwanja. Ndani ya modeli ziingie kuta za majirani na kina cha misingi yao (chimbeni mashimo madogo ya majaribio mkiona haijulikani), mabomba ya maji na maji taka, nguzo na nyaya za umeme, upana wa barabara na sehemu ambazo wapita njia hutembea.

Nyaya zichorwe pamoja na eneo lake la hatari, kama bomba nene lisiloguswa. Kanuni za Marekani zinataka kreni ikae angalau mita 3 kutoka laini isiyozidi kilovolti 50; umbali unaotakiwa hapa kwetu muulize TANESCO, au Kenya Power ukiwa upande wa pili, na uutumie huo kama sheria ya mradi. Bomba hilo likishakuwepo, utaona mara moja kama jukwaa la mbele linaligusa, na kama fundi mwenye nondo ya mita 12 begani anaweza kugeuka nayo bila kufika kwenye waya.

Sasa shimo. Kata modeli upande wa jirani utazame. Kwa ukaguzi wa haraka, vuta mstari wa nyuzi 45 kutoka chini ya shimo kwenda juu. Shimo likiwa na kina cha mita 3.5 na msingi wa jirani upo mita 1 chini, msingi wowote ulio ndani ya mita 2.5 kutoka ukingoni unakaa kwenye udongo unaoweza kusogea. Hapo huchimbi mpaka mhandisi awe ameandika namna ya kuushikilia udongo, na kazi hiyo nayo ichorwe: kuta za muda, mihimili ya kuegemeza, utaratibu wa kuchimba kwa vipande. Weka pia lundo la udongo na lori la mchanga mahali yatakapokaa kweli. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na uzito huo ukirundikwa ukingoni unasukuma ukuta wa shimo kumwelekea aliyemo ndani.

Hatua ya 4: Unganisha modeli na tafuta migongano

Chukua modeli ya msanifu, ya miundo, ya mabomba, ya umeme na ya viyoyozi, uziweke pamoja, kisha acha programu itafute vitu vinavyopitiana. Mara ya kwanza itatoa migongano kwa mamia. Usiogope. Mingi ni uchafu wa uchoraji. Anza na inayogusa muundo, yaani bomba dhidi ya boriti, dakti (njia ya hewa ya viyoyozi) dhidi ya slabu, tundu dhidi ya nguzo.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Bomba la maji taka la milimita 110 linatoka vyooni kwenda kwenye shimo la mabomba, umbali wa mita 8. Kwa mteremko wa 1 kwa 80 litashuka sentimita 10. Kwenye ramani ya karatasi ni mstari tu, unapita bila kugombana na yeyote. Kwenye modeli linaingia tumboni mwa boriti. Lisipogunduliwa mezani, litagunduliwa na fundi bomba. Atapanda ngazi akiwa na grenda na patasi, mikono miwili ikiwa kazini na hakuna wa kumshika, atavuta vumbi la zege lenye silika linaloharibu mapafu, na atakata nondo ambazo mhandisi alizihesabu. Mgongano huo mmoja umemhatarisha fundi leo na wapangaji kesho. Mezani ni kazi ya dakika chache: sogeza choo, hamisha bomba, au weka slivu (kipande cha bomba kinachoacha tundu kwenye zege) mahali mhandisi atakaporuhusu.

Kuna migongano mingine ambayo vitu havigusani kabisa. Chora nafasi ambayo mtu anahitaji ili afanye kazi: mbele ya bodi ya umeme, kuzunguka pampu, chini ya dakti yenye vichujio vya kubadilishwa. Nafasi hizo zikaguliwe kama vile ni vitu vigumu.

Kila mgongano upewe mtu na tarehe. Faili za BCF hubeba picha, mahali pa kutazamia na maelezo, hivyo mwenzako anafungua na kufika palepale badala ya kutafuta.

Hatua ya 5: Ondoa hatari kwenye mchoro wenyewe

Hapa tembea ndani ya modeli ukiwa na macho ya fundi. Kila pahali jiulize kwanza kama hatari inaweza kutokuwepo kabisa. Mkanda wa usalama uwe jibu la mwisho.

Sababu yake inapimika. Kamba ya kawaida ya mkanda ina urefu wa mita 1.8. Kifyonza mshtuko kinaweza kufunguka mita 1.1 zaidi. Kutoka mgongoni kamba inapofungwa hadi nyayoni kuna kama mita 1.5, na unahitaji akiba ya mita 1. Jumla ni mita 5.4 kutoka pale kamba ilipofungwa. Jengo lenye ghorofa za mita 3.2, fundi aliyefunga kamba miguuni pake kwenye slabu ya kwanza atapiga chini kabla mkanda haujamshika. Pima umbali huo ndani ya modeli kila mahali mlipopanga kutumia mkanda. Pasipotosha, badilisha mpango.

Baadhi ya maamuzi hugharimu kidogo sana yakifanywa mapema. Ukingo wa paa ukiinuliwa hadi mita 1.1, kila atakayepanda kusafisha matangi ya maji kwa miaka yote ya jengo atakuwa na ukuta wa kumzuia. Matundu madogo ya mabomba kwenye slabu yaachwe na wavu wa nondo ukipita katikati, ukatwe siku bomba linapoingia. Mtu akikanyaga, wavu unamshika. Ngazi za kudumu zimwagwe pamoja na kila ghorofa ili ngazi za mbao zisiwe njia kuu. Vibanio vya kushikia reli za ulinzi vizamishwe kwenye zege la ukingo wa slabu, ili reli zifungwe moja kwa moja bila kutoboa baadaye.

Halafu mashine za nje za viyoyozi. Majengo mengi ya mijini yamezitundika kwenye ukuta wa nje, ghorofa ya nne au ya tano, na fundi wa kuzihudumia hutoka dirishani akiwa amekalia fremu. Ni kosa la usanifu, silikubali hata kidogo. Zipeleke kwenye balkoni ya huduma au paani, na njia ya kufika ionekane ndani ya modeli.

Hatua ya 6: Chora kazi za muda

Hii ndiyo sehemu inayorukwa sana, na ndiyo ningeipa muda mwingi kuliko zote. Ramani za kibali hazina mirunda wala majukwaa, hivyo huachiwa mazoea.

Anza na uzito. Zege bichi lina kama tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Slabu ya milimita 200, ukiongeza nondo, inakaribia nusu tani kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 5 kwa 6 kina mita za mraba 30, kwa hiyo tani 15 zinakaa juu ya mbao na mirunda kabla zege halijashika, na bado hujaweka mafundi, toroli na pampu. Modeli inakupa ujazo wa kila kipande papo hapo, na mhandisi anaweza kukokotoa idadi na nafasi ya propu (nguzo za muda za chuma) kwa kila eneo.

Angalia hasa sakafu ya chini. Maduka hutaka dari ya juu, tuseme mita 4.5. Propu iliyorefushwa hivyo hubeba mzigo mdogo kuliko ileile ikiwa fupi, kwa sababu inapinda kirahisi. Mrunda wa mti ulioungwa kwa misumari katikati usiingie kwenye hesabu. Chora propu, viegemezo vyake vya pembeni, na kinachokaa chini yake. Kama chini ni udongo uliojazwa juzi, andika hivyo kwenye kitu chenyewe. Chora pia propu zinazobaki ghorofa za chini wakati ya juu inamwagwa, na siku ya kuzitoa. Slabu changa ikibebeshwa ya juu yake mapema mno inaweza kuvunjika, na mzigo wake ukashukia ghorofa zilizo chini.

Majukwaa ya nje yafuate: upana, mahali pa kufungia ukutani, sehemu ya kupandia, ubao wa kuzuia vitu kudondoka, na paa la kuwakinga wapita njia barabarani. Kisha winchi: mzigo unapanda wapi, unashuka wapi, na nani anapita chini yake.

Hatua ya 7: Ingiza muda

Unganisha kila kitu na ratiba ya kazi. Programu itakuonyesha jengo likikua wiki kwa wiki. Wengi huitumia kumfurahisha mteja kwa video. Wewe simamisha kila wiki na uzunguke.

Unatafuta ukingo ulio wazi bila reli, tundu lililo wazi bila kifuniko, kundi moja linalofanya kazi juu ya jingine, na njia ya kutoka iliyozibwa. Katika jengo letu ungeona, kwa mfano, wiki ambayo mafundi plasta wapo kwenye jukwaa la mbele huku nondo za paa zikipandishwa juu ya vichwa vyao. Kusogeza kazi moja kwa siku tatu ni bei ndogo.

Toa kwenye modeli orodha ya matundu yote: ghorofa, mahali kwenye gridi, ukubwa, siku linapofunguka, aina ya kifuniko, mwenye dhamana, siku linapozibwa. Tundu la lifti liwe la kwanza kwenye orodha na lipewe geti tangu siku ya slabu ya kwanza.

Hatua ya 8: Hatari iandikwe kwenye kitu chenyewe

Vipe vitu sehemu nne za taarifa: hatari, kinga, mhusika, hali. Andika kwa Kiswahili cha saiti. "Usitoe propu kabla mhandisi hajasaini" inaeleweka kuliko namba ya fomu. Kisha pakeni rangi: nyekundu kwa hatari isiyo na kinga, njano kwa kinga iliyopangwa, kijani kwa iliyokaguliwa saiti. Kijani kisiwekwe na mtu aliyekaa ofisini.

Hatua ya 9: Modeli ifike kwa fundi

Mwite foromani, fundi nondo na fundi wa mbao waitazame modeli kabla kazi haijaanza, na uwaulize wangefanyaje. Watakuambia pale ambapo mkono haupiti, pale ambapo hakuna pa kuweka mbao, na pale ambapo wewe umechora njia ambayo hakuna atakayeifuata kwa sababu ni ndefu. Andika majibu yao, rekebisha modeli, na wakirudi waone marekebisho. Ukifanya hivyo mara moja tu na usirekebishe, hawatasema tena.

Kila asubuhi toa picha moja ya eneo la kazi ya siku hiyo, ikiwa na nyekundu zake. Ichapishwe kwenye karatasi ya A3 ibandikwe penye kuingilia, na itumwe kwenye kundi la WhatsApp la saiti. Mazungumzo yasizidi dakika kumi: leo tunamwaga eneo hili, propu zimekaguliwa na fulani, hakuna kupita chini, njia ni hii. Anayesimamia awe na modeli kwenye simu au tableti, imepakuliwa tayari, maana ndani ya ghorofa ya chini ya ardhi mtandao haupo. Kibarua aliyeanza leo asionyeshwe kwa maneno tu. Mpeleke kwenye picha, kisha mpeleke kwenye tundu lenyewe.

Hatua ya 10: Kagua, badilisha, kabidhi

Mara moja kwa wiki tembea saiti na modeli mkononi na ulinganishe. Propu zilizochorwa 24 zikiwa 17, kazi isimame. Ukuta ukihamishwa, modeli ihamishwe wiki hiyohiyo. Mteja akitaka kuongeza ghorofa, hesabu zirudi kwa mhandisi na kibali kirudi kwa halmashauri kabla mtu hajachora chochote. Modeli pia haipimi zege. Vipande vya majaribio bado viende maabara, na nondo zikaguliwe kwa macho kabla ya kumwagiwa.

Mwishoni toa modeli ya jengo lilivyojengwa kweli, ikiwa na mahali pa kufungia kamba za wasafisha madirisha, njia za kufikia mashine, vizimio vya umeme na maji, na uzito ambao kila sakafu inaruhusiwa kubeba. Mpe mwenye jengo faili la IFC pamoja na programu ya bure ya kulifungua, na mfundishe mtu wake mmoja kulitumia kabla cheti cha malipo ya mwisho hakijasainiwa.